Kodi ya majengo ikipanda, mtaro wa Makorora utazibuka?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Nina nyumba ya vyumba sita Makorora, hapa Tanga. Mimi na wanangu tunakaa viwili, vinne nimepangisha. Kila mwezi LUKU inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Masika yakianza, mtaro wa mbele unafurika maji yanafika barazani, na barabara inageuka matope. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama bwana mmoja akasema jiji letu ni dogo, halina pesa, kwa hiyo kodi ya majengo ipandishwe ndipo mitaro na barabara zitengenezwe. Watu wakamzomea mpaka akakaa. Mimi nimebaki katikati. Alisema kweli? Na ikipanda, niwapandishie wapangaji wangu?"

Marahaba, dada. Yule bwana ana hoja, na waliomzomea nao hawakukosea. Mji wa kiasi cha Tanga unahitaji kodi ya majengo kubwa kuliko inayotoka humo leo. Lakini kodi hii tuliyo nayo, kwa namna inavyotozwa na njia inayopita, hata ukiipandisha mara mbili kesho asubuhi, masika ijayo maji yatakuja barazani kwako kama kawaida. Shida ya kwanza haiko kwenye kiwango.

Hebu tuifuate hiyo 1,500 yako. Unaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya 10,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi, mfumo unakata 1,500 kwanza, ndipo kinachobaki kinageuzwa uniti. Kwa mtu wa kundi la kawaida la umeme ni kama uniti nne zimeondoka. TANESCO, shirika la umeme, hapo ni mkusanyaji tu. Fedha inaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkurugenzi wa Jiji la Tanga haigusi ikipita. Diwani wako haigusi. Kinachorudi kwenye halmashauri kinarudi kwa mgawo wa bajeti unaoamuliwa juu, kikiwa kimechanganyika na fedha nyingine, na hakuna mtu awezaye kukuonyesha kwa kidole kwamba hii ndiyo ya nyumba za Makorora.

Kiwango nacho hakipangwi Tanga. Mkutano wa mtaa, hata baraza la madiwani lote, haliwezi kupandisha wala kushusha shilingi moja ya kodi hiyo. Ni kazi ya Bunge kupitia Sheria ya Fedha. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anaomba kitu ambacho waliokuwa mbele yake hawana uwezo wa kukitoa.

Haikuwa hivi siku zote. Sheria ya mwaka 1983 ilizipa mamlaka za miji wajibu wa kutathmini majengo, kuweka daftari na kutoza. Kazi ilifanyika kwa kusuasua. Dar es Salaam ilikabidhiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, mwaka 2008, ikarudishiwa manispaa baadaye, kisha Julai 2016 TRA wakaichukua tena, safari hii kwa upana zaidi. Kati ya 2017 na 2018 mambo ya uthamini yakawekwa kando, ikaja kodi ya mkupuo: 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa kwenye majiji, manispaa na miji. Agosti 2021 ikahamia kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa sakafu. Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Umeona hapo? Kodi imekwisha pandishwa kwa nusu nzima juu ya ilivyokuwa 2021, ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo jaribio la yule bwana tulikwisha lifanya. Kabla hatujajadili kulirudia, ni haki ya mkutano wenu kuuliza: nyongeza ile ilionekana wapi Makorora?

Nisiidharau LUKU, maana ina sifa moja ambayo watu wanasahau. Zamani mtoza kodi alitembea na kitabu cha stakabadhi nyumba kwa nyumba, na aliyekuwa na mbwa mkali hakulipa. Madaftari yenyewe yalikuwa na mapengo ya ajabu. Arusha, walipotumia picha za satelaiti kuhesabu majengo kwenye mradi wa miji mikakati, walikuta majengo zaidi ya 100,000. Kumbukumbu za jiji zilikuwa na kama 23,000. Karibu manne kati ya matano hayakuwa kwenye vitabu! Mita ya umeme haina huruma ya aina hiyo wala haina undugu. Kwa ufikaji, LUKU imeshinda. Kwa haki, imeshindwa vibaya.

Chukua nyumba yako. Tuseme, kwa mfano tu, ukiiuza leo utapata milioni 30. Unalipa 18,000 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 0.06 ya thamani yake. Sasa nenda Raskazone, upande wa bahari, utafute jumba la chini lisilo na ghorofa: bustani, ukuta wa mawe, geti la umeme, magari matatu uani. Tuliweke milioni 600. Nalo ni nyumba ya kawaida mbele ya sheria, linalipa 18,000 ileile. Hiyo ni asilimia 0.003. Kwa kila shilingi ya mali, wewe unalipa mara ishirini ya mwenye jumba. Na kuna kituko kingine: fundi aliyejenga ghorofa moja juu ya nyumba yake Mikanjuni kwa kudunduliza, tofali moja moja kwa miaka, anahesabiwa sakafu mbili, 180,000 kwa mwaka, mara kumi ya lile jumba la Raskazone. Kodi inaangalia ngazi tu.

Ndiyo maana kuipandisha kodi ya mkupuo ni wazo baya kuliko linavyosikika. Kila ukiongeza, unamkaba mtu wa chini, na huku juu hawasikii hata kuwashwa. Tufanye hesabu ya kubahatisha: mji wenye nyumba za kawaida 50,000, zote zinalipa. Ni milioni 900 kwa mwaka. Kilomita moja ya lami ya mjini yenye mitaro ya zege pande mbili na taa mara nyingi huvuka bilioni moja. Ongeza kodi mara mbili, umepata milioni 900 nyingine, yaani bado hujafikisha kilomita moja ya ziada, na kila mpangaji wa mji mzima amekasirika. Wenzako waliozomea waliifanya hesabu hii kichwani bila kalamu.

Hapa ndipo sipendi mjadala huu unapoachwa, kwa sababu watu huondoka wakiamini kodi ya majengo haina kazi. Ina kazi kubwa, ila si ile ya kujenga barabara mpya. Ujenzi mkubwa mara nyingi hufanywa kwa mkopo au ruzuku, maana kitu kitakachotumika miaka thelathini si haki kilipwe chote na waliopo mwaka huu. Barabara za lami zenye taa ulizoziona zikijengwa Tanga miaka ya nyuma zilitoka kwenye mradi wa miji mikakati wa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi uliofuata, TACTIC, unahusu miji 45 nchini. Kinachokosekana ni pesa ndogo ya kila mwaka ya kuvitunza vitu hivyo: kuzibua kalavati kabla ya masika, kuziba shimo likiwa la ukubwa wa sahani, kubadilisha mfuniko wa zege ulioibwa nondo. Benki ya Dunia katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994 iliandika kwamba matengenezo ya wakati ya dola bilioni 12 yangeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara za Afrika katika mwongo mmoja uliotangulia. Karibu mara nne. Hakuna mkopeshaji anayependa kukopesha kwa ajili ya kuzoa mchanga mtaroni, wala hakuna kiongozi anayekata utepe kwenye kalavati lililozibuliwa. Kazi hiyo inataka kijito cha fedha kisichokauka, na jengo ni kitu kizuri cha kutozwa kwa ajili hiyo kwa sababu halihami, linahesabika, na thamani yake inategemea huo mtaro wenyewe. Nyumba inayoingiwa na maji haina bei.

Lakini lazima ujue mtaro wako ni wa nani. Hili linawachanganya hata madiwani. Mtaro wa pembeni mwa barabara ya mtaa ni sehemu ya barabara, na barabara hizo tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. TARURA hawaishi kwa kodi ya majengo. Wanaishi zaidi kwa Mfuko wa Barabara, yaani tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zao. Kwa hiyo kila unapopanda bajaji unachangia barabara. Ila mchanga, mifuko na maganda ya nazi yanayouziba huo mtaro ni taka, na taka ni kazi ya jiji. Ofisi mbili, mtaro mmoja. TARURA watakuambia umejaa taka, jiji litakuambia umejengwa mwembamba, na wote wawili wanasema kweli huku maji yanapanda. Majitaka na mabomba ni ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Kodi ikipanda bila kuamua nani anabeba mtaro kuanzia zege hadi taka, pesa itapotea katikati yao bila hata mtu kuiba.

Na jiji lenyewe lina pesa gani? Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005; sensa ya 2022 ilikuta watu wasiofika 400,000. Mapato yake ya ndani ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni, masoko, stendi, vibali vya ujenzi na mengine ya namna hiyo. Asilimia 10 inatengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Humo humo kuna posho za vikao, mafuta ya gari la taka, mchango wa madarasa na zahanati. Yule bwana aliposema jiji halina pesa hakudanganya. Kwa kweli kodi ya majengo ndiyo ingekuwa nguzo ya mapato ya mji kama huu, kama ilivyo kwenye miji mingi duniani, na ndiyo nguzo iliyohamishwa.

Tena kwa Tanga hili lina uchungu wake wa pekee wakati huu. Bandari imechimbwa kina na kupanuliwa gati. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Anayemiliki kiwanja au jengo karibu na shughuli hizo ameona bei ikipanda bila yeye kugusa tofali, kwa sababu ya fedha za umma na za mradi. Jibu langu la msingi kwa swali lako limo hapa: mji unapokua hivi, sehemu ndogo ya ongezeko hilo la thamani inapaswa kurudi kutunza mji. Kodi ya mkupuo haiwezi kufanya hivyo hata kidogo. Nyumba iliyokuwa milioni 50 ikawa milioni 200 inabaki 18,000, na kiwanja kitupu kilichofichwa kikisubiri bei hakilipi kodi ya majengo kabisa, kwa sababu hakina jengo. Kinalipa kodi ya pango la ardhi tu, ambayo nayo haikusanywi na jiji.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kupandisha, ila kwa thamani. Najua watakujibu nini: uthamini ni ghali, wathamini waliosajiliwa ni wachache, kukagua kila nyumba ni kazi ya miaka. Ni kweli, kama unataka ripoti kamili ya mthamini kwa kila kibanda. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, walilikwepa hilo mwaka 2020. Walipima paa za majengo kwa satelaiti, kisha vijana wakapita nje ya nyumba wakiandika vinavyoonekana: ukuta wa nini, paa la nini, barabara iko karibu, kuna ukuta wa uzio, madirisha gani. Kila kitu kina alama, alama zinatoa makadirio ya thamani, na mwenye nyumba anaweza kukata rufaa. Mzuzu, mji wa kaskazini mwa Malawi, ulikuwa umetumia njia ya alama kabla yao. Kule Freetown bili za majumba ya juu ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na za watu wa chini zikashuka. Zikashuka, dada. Mapato ya mji yakapanda huku mtu wa nyumba kama yako akilipa pungufu.

Hawakupita bila misukosuko. Serikali kuu iliwasimamisha kwa muda kabla hawajaendelea. Kila mahali palipobadilishwa kodi hii kuna kelele, na kelele nyingine ni za haki. Rwanda sheria ya 2018 iliinua kiwango cha juu cha kodi ya kiwanja kutoka faranga 80 hadi 300 kwa mita ya mraba. Malalamiko yakawa makubwa, Desemba 2020 serikali ikasitisha na kurudi viwango vya 2019, na mwaka 2023 ikapunguza rasmi. Walirukia juu mno kwa mara moja. Nairobi walikosea upande mwingine: daftari la thamani la mwaka 1982 liliendelea kutumika karibu miaka arobaini, ikabidi watoze asilimia 34 ya bei ya kiwanja ya mwaka huo, bei ambayo haikuwa na maana tena kwa mtu yeyote. Walipohamia daftari jipya kiwango kikashuka hadi asilimia 0.115, maana sasa kinapigwa juu ya thamani halisi. Kiwango kikubwa kwenye karatasi si lazima kiwe kodi kubwa, na kinyume chake. Mtu akisimama mkutanoni akasema "tupandishe asilimia", muulize kwanza: asilimia ya nini, ya mwaka gani?

Kampala wana jambo moja la kujadiliwa. Nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi, inayopangishwa ndiyo inatozwa asilimia 6 ya pango inaloweza kuingiza kwa mwaka. Wengi Tanga wangelipenda hilo. Mimi silipendi sana. Majumba makubwa ya kuishi yanaponyoka yote, na anayebeba ni mpangaji, kwa kuwa mwenye nyumba ataiingiza kwenye bei ya chumba. Bora msamaha uwe kwa thamani: nyumba chini ya kiwango fulani haitozwi au inatozwa kidogo, nani anaishi humo si hoja.

Kuna kundi ambalo thamani itawaumiza kweli. Fikiria bibi wa Ngamiani, mjane, anayekaa kwenye nyumba ya urithi ya vyumba sita kwenye barabara ya biashara. Mali ni ya mamilioni, mfukoni hana kitu. Sasa hivi wazee wa miaka 60 na kuendelea wanaweza kupata msamaha kwa nyumba moja wanayoishi, lakini lazima wafuate utaratibu wa kuuomba, na wengi hawaufuati. LUKU inaendelea kukata. Kama una mzazi wa umri huo mwenye nyumba kwa jina lake, fuatilia hilo wiki hii, usingoje mjadala wa mitaro uishe. Kwenye kodi ya thamani kuna njia nyingine nzuri inayotumika jimbo la British Columbia huko Kanada, ambako mwenye miaka 55 na zaidi anaweza kuahirisha kodi ya nyumba yake. Deni linaandikwa juu ya nyumba na kulipwa siku itakapouzwa au kurithiwa. Bibi anabaki ndani, mji haupotezi. Kwetu warithi watalalamika, lakini warithi hulalamika kwa lolote.

Sasa nikuonyeshe kwa nini nimesisitiza pesa ikae mjini, na mfano uko hapohapo kwenu. Mwaka 2024 Tanga UWASA walitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5, ili kupanua maji. Wawekezaji walinunua ikazidi kiasi kilichoombwa. Kwa nini mtu wa Dar es Salaam aikopeshe mamlaka ya maji ya Tanga? Kwa sababu bili ya maji inalipwa kila mwezi na inabaki kwa mamlaka yenyewe. Mkopeshaji anauona mlango ambao pesa yake itatokea. Jiji la Tanga haliwezi kufanya hivyo kwa mitaro, kwa kuwa chanzo ambacho kingemtuliza mkopeshaji hakiko mikononi mwake. Lingekuwa na kodi ya majengo yake, hata bilioni tatu kwa mwaka za uhakika, lingeweza kuzungumza na soko la mitaji kama UWASA walivyozungumza. Mji uleule, watu walewale, tofauti ni nani anashika bili.

Ukirudi mkutanoni, basi, usibishane na yule bwana kuhusu kupanda au kutopanda. Msaidie aulize vizuri. Mwombeni diwani apeleke hoja barazani, na baraza lipeleke kwa mbunge: sehemu inayojulikana ya kodi ya majengo iliyokusanywa ndani ya Jiji la Tanga irudi Tanga, kwa akaunti yake, kwa matengenezo tu, na itangazwe kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa ni kiasi gani kimepokelewa na kimezibua nini. Freetown walitenga sehemu ya mapato kwa miradi inayochaguliwa na wananchi wa kata wenyewe. Mtu akiona taa ya mtaa wake imewaka kwa kodi yake, bili inayofuata haimuumi kichwa sana. Hilo likishika mwaka mmoja au miwili, ndipo watu wapimiwe majengo kwa alama, na viwango vipande polepole kwa wa juu. Ikianza kinyume chake, kiwango kwanza na ahadi baadaye, nami nitazomea pamoja na wenzako.

Na kuna jambo ambalo halihitaji Bunge. Mtaro wenu unazibwa na nini hasa? Nimeona mitaa ambako tatizo zima ni kalavati moja chini ya njia ya gari ya duka, bomba jembamba lililowekwa na mwenye duka mwenyewe, na maji ya mtaa mzima yanalingoja. Tembeeni na mwenyekiti wa mtaa mkiwa na mhandisi wa TARURA kabla ya Machi, mtaro wote hadi unapomwaga maji. Huenda mkakuta kazi ya shilingi laki kadhaa tu, na huenda mkakuta mtaro haukujengwa kubeba maji ya majengo yaliyoongezeka juu yenu. Lakini mtajua mnadai nini, na kwa nani.

Kuhusu wapangaji. Kodi hii ni ya mwenye jengo, si ya anayenunua umeme, hata kama mfumo unamkata aliyenunua. Nyumba yenye mita moja na familia tano zinazochanga LUKU, anayenunua mwanzo wa mwezi ndiye anayeikuta ile 1,500, na ugomvi unaanzia hapo. Njia rahisi ni hii: LUKU ya kwanza ya kila mwezi inunue wewe mwenyewe, tarehe mosi, hata ya 2,000. Makato yanaishia kwako, wengine wanaendelea kuchanga kama kawaida. Ikitokea kiwango kikapanda kufika 3,000, nyongeza ni 1,500 kwa nyumba nzima. Ukiigawa kwa vyumba sita ni 250 kwa chumba. Ukitaka kuwapandishia, wapandishie hiyo 250 na uwaonyeshe stakabadhi. Ukiongeza 5,000 kwa kila chumba ukasema ni kodi ya serikali, utakuwa umekusanya 20,000 kwa mwezi kwa jina la 1,500, na wapangaji siku hizi wanajua hesabu.